Kitambaa Cheupe cha Masjala

Mimi sipendi kusifu maiti. Mtu akiwa hai husengenywa mpaka mlangoni kwake, akifa anageuka malaika. Kwa hivyo nasema mapema: Mama Mbodze yu hai, yuko kwao Rabai, anafuga kuku na kugombana na mashemeji zake, na haya yote ninayoyasema nimeshamwambia mbele ya uso wake. Alinijibu, "Mize, wewe una maneno kama redio ya kinyozi." Basi na nyinyi nisikilizeni.

Jina langu kamili ni Mwanamize, kwetu Bondeni. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpiga taipu katika mahakama moja ya hapa kisiwani. Sitaitaja ni ipi. Ukitoka Ngome ya Yesu kwa miguu unafika kabla jasho halijakutoka, inatosha. Nyuma ya chumba changu palikuwa na masjala, chumba cha kuwekea faili za kesi, na masjala ile ilikuwa ya Mama Mbodze Ngumbao. Alikaa humo miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, Mkristo wa kanisa la Rabai, na miwani yake aliifunga uzi kwa sababu sikio moja la miwani lilivunjika na yeye hakuona haja ya kununua nyingine ilhali jicho linaona.

Sasa, faili za mahakama hufungwa utepe. Mwaka wa themanini na tisa utepe ukakatika, ukawa hauji. Makarani wengine wote walipandisha mabega, wakaziacha faili zikimwagika karatasi. Mama Mbodze alikwenda Biashara Street kwa muuza nguo mmoja mzee, akaomba vitambaa vya mwisho wa jora, vile visivyouzika. Akarudi na furushi kichwani, akakaa chini, akachana. Nyekundu akafungia wizi. Kijani akafungia ugomvi wa kupigana. Manjano akafungia makosa madogomadogo, kuuza bila leseni, kuzurura, kulewa njiani. Na mshtakiwa aliyekufa kabla kesi yake haijaisha, faili yake aliifunga bafta nyeupe, ile ile ya sanda, ikapandishwa rafu ya juu kabisa. Rafu ile hatukuigusa. Hata aliyefagia alipita mbali nayo.

Mawakili walimcheka, mwanzo. Kisha wakaona. Wakili anaingia, anataja jina, hajamaliza ubini, Mama Mbodze ameshainamisha kichwa upande, amekwenda moja kwa moja kwenye rafu, amevuta. Faili elfu ngapi zile! Nilikuwa nikitoka kwenye taipu yangu nikasimama mlangoni kumtazama tu. Wallahi, sijapata kumwona mtu mwenye kichwa kama kile, na alisoma darasa la nne. Mimi niliamini kwamba Mama Mbodze hakosei, na imani hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa Aprili, akaja Dakta Wanza. Mwanamke wa Kikamba, mwalimu wa chuo kikuu Nairobi, viatu vya chini, kompyuta kwenye mkoba. Alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua ni mahabusu wangapi wa makosa madogo wanaokaa rumande muda mrefu kuliko adhabu ambayo wangepewa wakipatikana na hatia. Utafiti huo ungepelekwa kwa wakubwa wanaoandika sheria, ili mtu wa kosa dogo afagie hospitali au apande miti badala ya kutiwa ndani. Nikasema moyoni, hawa nao! Watu wa chuo kikuu huja, huuliza, huandika, huondoka, na sisi hubaki na vumbi letu.

Siku ya kwanza aliingia masjala akasema, "Nahitaji faili zote za tangu tisini na tatu." Hivyo hivyo, bila hata hujambo. Mama Mbodze akaendelea kuchana kitambaa. Dakta akarudia. Mama Mbodze akachana. Mimi mlangoni nimeziba mdomo kwa mkono. Mwisho nikamhurumia yule mgeni, nikamvuta pembeni, nikamwambia, "Dada, hapa ni Mombasa. Kwanza salamu, kisha habari za nyumbani, kisha haja yako, na haja yako iwe fupi." Kesho yake akaja na mahamri ya moto. Akaamkia, akauliza watoto, kuku na mvua ya Rabai. Aliuliza vizuri, nikamsifu. Mama Mbodze akamjibu yote, akamwekea kiti. Tangu siku ile wakawa chanda na pete.

Dakta Wanza alipoelezwa habari ya vitambaa aliacha kuandika. Kisha akaifunga kompyuta yake. "Mama," akasema, "miezi sita nimekuwa nikitafuta namna ya kuzitenga kesi hizi, na wewe umeshazitenga kwa miaka minane." Wakaanza kuhesabu manjano. Wiki tatu walihesabu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitaipu orodha, na nilipofika mwisho nikaona jumla: manjano mia mbili na kumi na saba, na kati ya hao themanini na wanne walikuwa wamekaa ndani kupita adhabu yenyewe. Themanini na wanne! Mtu ambaye angefungwa mwezi amekaa miezi saba akingoja kuambiwa afungwe mwezi. Nilikaa nikaitazama ile karatasi. Majina yale yote nilikuwa nimeyapiga taipu mimi mwenyewe, moja moja, siku baada ya siku, na sikuwahi hata siku moja kuyajumlisha. Ndipo nikafahamu chuo kikuu kinafanya kazi gani, na nikamwomba Dakta radhi kwa niliyoyasema moyoni. Hakuelewa ninaomba radhi ya nini.

Ikabaki kazi ya mwisho. Dakta alikuwa ameleta kutoka jela orodha ya mahabusu wote waliokuwa wakingoja kesi mahakamani kwetu. Yeye alisoma jina, Mama Mbodze akavuta faili, mimi nikatia alama. Siku mbili tulifanya hivyo. Siku ya pili, baada ya chai, Dakta akasoma, "Baya Mung'aro. Kuuza vinyago bila leseni nje ya Ngome ya Yesu."

Mama Mbodze akainamisha kichwa. Akaenda kwenye rafu ya manjano. Akarudi mikono mitupu. Akaenda tena. Sijawahi kumwona akienda mara mbili.

"Labda ni kosa la jela," akasema Dakta Wanza. "Labda alishaachiliwa na hawakumfuta."

"Mara ya mwisho aliletwa lini mahakamani?"

"Tarehe tisa Agosti, tisini na nne."

Mama Mbodze akakaa kitako. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa rinda, akaivaa tena. "Mize mwanangu," akaniambia, "niletee ngazi." Nikaileta. Akapanda mwenyewe, na magoti yale, mpaka rafu ya wafu. Akashuka na faili moja nyembamba. Bafta nyeupe. Juu yake, Baya Mung'aro.

Tarehe tisa Agosti mwaka ule mamake Mama Mbodze alikuwa maiti kwao Rabai. Habari zilimfikia asubuhi, na akaja kazini akaaga kama mtu mwenye adabu zake. Njiani alikuwa amepita Biashara Street akanunua bafta ya sanda, na kipande kilichobaki alikuwa nacho mkobani. Kabla hajaondoka faili za siku hiyo zikaletwa kutoka chumba cha hakimu. Moja ilikuwa ikimwagika karatasi na manjano yalikuwa yamekwisha. Akachana kile kipande cheupe, akafunga, akaiacha mezani, akasema moyoni nikirudi nitabadilisha. Akaenda kumzika mamake, akakaa matanga wiki nzima. Aliporudi hakuiona tena, wala hakuikumbuka.

Na faili ilipandaje juu? Hapo ndipo ulimi wangu unapokuwa mzito. Niliipandisha mimi. Niliachiwa ufunguo wa masjala wiki ile. Nikaona nyeupe, nikasema Inna lillahi, masikini, nikapanda ngazi. Sikuifungua. Nani afungue faili ya maiti? Kila mtu mahakamani kwetu alijua nyeupe ni nini. Na jela humleta mahabusu akiitwa na mahakama, na mahakama humwita ambaye faili yake iko rafu ya chini. Basi Baya hakuitwa tena.

Bado hilo ni dogo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikuja mama mmoja wa Kigiriama, anaitwa Kanze, dobi wa kufua majumbani huko huko mtaani kwetu. Siku za kesi alizoea kuja kumwona mwanawe kizimbani, akaona sasa haletwi. Mama Mbodze alikuwa likizo. Nikamwuliza jina la mtoto, nikainua macho kwenye rafu ya juu, nikaona. Nikamwambia, "Pole mama." Maneno mawili. Aliuliza kaburi liko wapi, nikamwambia waliofia ndani huzikwa na serikali. Baadaye alikwenda mpaka lango la jela kuuliza, akaambiwa alete barua ya mahakama, akarudi kuniomba. Barua ile ningeiandika mimi. Sikuiandika, nilikuwa na kazi nyingi.

Siku nilipompa ile pole alilia kwenye benchi la mlangoni kwetu bila sauti. Siku ile nilikuwa nimenunua doti mpya ya leso, hata pindo sijashona. Nikaichana katikati, kipande kimoja nikampa ajifute machozi, nikamwambia abaki nacho. Nilijiona mwema sana siku ile.

Mama Mbodze aliijua habari hiyo, nilimhadithia mwenyewe wakati ule, bila kumtaja jina yule mama. Basi aliposhuka ngazi na ile faili alinitazama, mimi nikamtazama, na kila mmoja wetu alijua mwenzake anajua nini. Akamgeukia Dakta Wanza akamwambia, "Huyu yu hai?"

"Jana asubuhi alikuwa hai," akasema Dakta. "Jela wamemhesabu."

Karani mkuu wetu alikuwa Wekesa, mtu wa bara, mkarimu, mwoga. Alipopata habari alifunga mlango. "Mama Mbodze," akasema, "umebakisha miezi minne ustaafu kwa heshima. Tuseme faili ilianguka nyuma ya kabati. Kabati haliwezi kuulizwa. Kijana ataletwa, ataachiliwa, na hakuna atakayeumia."

"Ikiwa ilianguka yenyewe, itaanguka tena," akasema Mama Mbodze. "Dakta huyu ametoka Nairobi kuja kuuliza kwa nini. Nimwambie ni panya?"

"Mama, watakuandikia."

"Si kalamu ni zao? Waandike."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulithubutu. Siku tatu, kila jioni akitoka kazini, aliingia Bondeni akapita nyumba kwa nyumba kuuliza anakofua yule dobi, mamake Baya. Mtaa ni wangu! Ningemwelekeza kwa kidole. Nilijifungia ndani nikasema naumwa kichwa. Siku ya tatu akampata. Waliyoambizana siyajui mpaka leo, na nimemwuliza Mama Mbodze mara nyingi. Hunijibu nikawalishe kuku.

Jumatatu iliyofuata Baya akaletwa. Ukumbi ulijaa. Kanze alikaa benchi la mbele na kikapu miguuni. Mlango wa pembeni ulipofunguliwa, kijana akaingia, Kanze hakupiga kelele, hakuanguka. Alisimama. Askari akamwambia akae, hakukaa. Hakimu akamwona, akamwashiria askari amwache. Akasimama hivyo mpaka mwisho, macho hayabanduki kizimbani.

Baya alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano sura ya arubaini. Shati lake lilikuwa safi, limefuliwa mpaka likawa jembamba, unaona ngozi. Hakimu akauliza kwa nini mtu wa kosa la mwezi mmoja amekaa ndani bila kuitwa miaka miwili na miezi tisa. Wekesa akainama kwenye makaratasi yake. Mama Mbodze akatoka mahali pa makarani, akasimama katikati ya ukumbi, mfupi vile, na ile faili mkononi.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

Akasema yote. Utepe, vitambaa, mamake, bafta. Hakulia wala hakujitetea. Akainua mkono wa kulia. "Mkono uliofunga ni huu," akasema. "Kijana huyu alikuwa hai, mimi nikamvika sanda."

Nimeishi na watu wa sheria miaka kumi na mmoja. Nimewasikia mawakili wa suti wakisema saa nzima bila kukiri hata kwamba jua limetoka. Sijapata kusikia maneno kama yale. Hakimu aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Na ni nani aliyeipandisha rafu ya juu?"

Mama Mbodze hakugeuza hata shingo.

"Masjala ni yangu, mheshimiwa. Kilichomo humo ni changu."

Ningesimama! Miguu ilikuwepo, ulimi ulikuwepo. Nikabaki nimekaa, nimeshika kalamu isiyoandika. Nawaambia nyinyi leo kwa sababu siku ile sikusema.

Hakimu akamwuliza Baya kama ana neno. Akafikiri. "Kila Jumapili nilikuwa nikifua shati, mheshimiwa," akasema, "nikisema wiki hii nitaitwa." Hakimu akavua miwani yake. Akamwambia, "Umeshatumikia zaidi ya mara thelathini. Nenda nyumbani." Na Mama Mbodze akaomba ruhusa, akaifungua ile bafta pale pale mbele ya watu, akaitia mfukoni.

Aliandikiwa barua ya onyo, kama alivyotabiri Wekesa. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kitambaa cha manjano. "Makosa madogo," akasema, tukacheka mpaka machozi. Dakta Wanza alimfundisha kuanzisha daftari la mahabusu, kila jina na tarehe yake ya kurudi, na kila Ijumaa daftari lilinganishwe na hesabu ya jela, hai kwa hai. Daftari hilo linatumika mpaka leo. Ripoti ya chuo kikuu ilitoka mwaka uliofuata, na mwaka huo huo ikaja sheria ya watu wa makosa madogo kuhudumia jamii badala ya jela. Sisemi ni sisi tulioileta, walioipigania ni wengi. Lakini ripoti nimeishika mkononi. Ukurasa wa arubaini na moja una jedwali la sababu za mahabusu kusahaulika, na mstari mmoja unasema: alidhaniwa amekufa, mtu mmoja. Nilimpelekea Mama Mbodze huko Rabai. Aliweka kidole juu ya ile moja, akasema, "Baya," akanirudishia kitabu.

Kuna jambo nimelizungukazunguka, na sasa limebaki hilo tu.

Siku ile ya hukumu, watu walipotoka ukumbini, mimi nilipita mlango wa nyuma ili nisikutane na mtu. Kumbe Kanze alikuwa pale barazani nyuma, amesimama na mwanawe, amemshika mkono wa shati utadhani atapeperuka. Akaniona. Nikataka kurudi ndani. Akaniita, "Mwanangu, njoo."

Nikaenda. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyekwambia."

"Najua," akasema. Akainama, akatoa kwenye kikapu leso iliyokunjwa, imefuliwa, imepigwa pasi. "Ulinipa ya msiba," akasema. "Msiba haukuwapo. Chukua leso yako."

Hakusema kwa hasira, wala sitawadanganya kwamba alinisamehe. Alininyooshea tu. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani nilifungua kasha, nikatoa kipande changu, nikavitandika vyote viwili kitandani. Changu rangi yake ilikuwa bado imekoza, pindo bado sijashona. Chake kilikuwa kimevaliwa kila siku ya Mungu kwa miaka miwili na nusu, kimepauka mpaka maandishi yake hayasomeki.